Saa inasema 47, FTP inanipa 41, jaribio la ngazi linanipa 52: VO2max yangu ni ipi?

MkanyagaPedali aliandika:

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa hesabu kwa wanaoijua fiziolojia ya mazoezi.

Nina miaka 41, kilo 72. Naendesha baiskeli kwa ajili ya mazoezi, sishindani. Pedali zangu zina kipima wati, na moyo naupima kwa mkanda wa kifuani. Nilitaka kujua VO2max yangu, yaani kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia kwa dakika, bila kwenda maabara. Nimepata majibu matatu na hayakaribiani.

Saa ya mkononi inasema 47, yaani mililita 47 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika.

Kisha nikachukua FTP yangu, yaani wati ninazoweza kuzishikilia kama saa nzima, ambayo ni wati 225 (dakika 20 kwa nguvu zote nilipata wastani wa 237, nikazidisha kwa 0.95). Nikaiingiza kwenye fomula ya ACSM (chama cha Marekani cha tiba ya michezo): wati mara 10.8, gawa kwa kilo, jumlisha 7. Jibu 40.8.

Mwisho nikafanya jaribio la ngazi kwenye baiskeli ya ndani. Nilianza wati 100, kila dakika naongeza 20, miguu ikagoma nikiwa kwenye 300. Fomula ileile, jibu 52.

Kutoka 41 hadi 52 si tofauti ya kufumbia macho. Nataka namba ninayoweza kuiamini ili nipange mazoezi. Kama inasaidia: nikikaa kwenye wati 150 moyo unatulia kwenye mapigo 130, wati 200 unatulia kwenye 150, na mwisho wa jaribio mkanda ulisoma 188.

---

MaskiNaMapafu akajibu:

Mkuu, umeweka takwimu zote mezani, kazi imekuwa rahisi. Mimi kazi yangu ni maabara ya mazoezi: nawavalisha watu maski, nawapandisha kwenye baiskeli, nasoma hewa wanayotoa. Nitaanza na hicho kinachopimwa kule, kwa sababu fomula zote ulizotumia zinajaribu kukisia kitu kimoja tu, na ni vizuri ukijue kwa sura.

Kabla mtu hajapanda baiskeli tunachukua bomba kubwa la kusukumia hewa la lita 3, tunalisukuma ndani ya kipima mtiririko mpaka mashine ikubali kwamba lita 3 ni lita 3. Halafu tunafungulia mtungi wa gesi yenye oksijeni asilimia 16 na kaboni dioksidi asilimia 4 au 5, kwa kuwa hiyo inakaribiana na pumzi inayotoka kwa mtu anayefanya kazi. Hewa ya chumbani ina oksijeni asilimia 20.93. Kilichopungua kutoka 20.93 hadi kile tunachokikuta kwenye pumzi yako, ukikioanisha na wingi wa hewa uliyopitisha kwa dakika, ndiyo oksijeni uliyoila. Wati zikipanda, mstari wa oksijeni unapanda nazo. Kwa baadhi ya watu unafika mahali unalala, wati bado zinaongezeka lakini oksijeni haiongezeki tena. Dari hiyo ndiyo VO2max, na watafiti Hill na Lupton waliieleza tangu 1923 wakipima wakimbiaji.

Wewe huna maski, una wati. Wati ni kazi iliyotoka kwenye pedali. Oksijeni ni kile mwili ulichotumia ili kuitoa kazi hiyo. Kati ya hivyo viwili kuna kitu kinaitwa ufanisi, na hapo ndipo makisio yote yanapoyumba.

Angalia kwa namba zako. Mwili ukichoma lita moja ya oksijeni unapata takriban kilojuli 20.9. Waendesha baiskeli wengi wanapeleka kwenye pedali kama asilimia 20 hadi 23 tu ya nishati hiyo, nyingine yote inaishia kuwa joto. Chukua wati 225 zako. Kama ufanisi wako ni asilimia 20, mwili unachoma wati 1,125 kwa jumla, sawa na lita 3.23 za oksijeni kwa dakika, au mililita 45 kwa kila kilo. Kama ufanisi ni asilimia 23, wati ni zilezile na uzito ni uleule, unahitaji lita 2.81 tu, yaani mililita 39. Watu wawili wanaopanda mlima bega kwa bega kwa wati sawasawa wanaweza kutofautiana mililita sita, na kipima wati hakina macho ya kuliona hilo.

Ndiyo maana nawaambia watu, mtu akikupa VO2max ya wati yenye desimali, ile desimali ifute.

Sasa nirudi kwenye majibu yako. Lile la FTP liweke kando kabisa. Fomula imekokotoa vizuri, ila imejibu swali lingine: imekueleza oksijeni unayotumia *ukiwa kwenye FTP*. FTP ni wati unazoweza kuzishikilia kama saa nzima, na kwa wengi ni kama asilimia 72 hadi 77 ya wati za juu kwenye jaribio la ngazi za dakika moja. Dari iko juu yake. Ukiingiza FTP utapata namba ya chini kila siku ya Mungu, hata uwe bingwa.

Kuhusu zile mbili nyingine nina maswali mawili. Kwenye wati 300, ulimaliza dakika nzima au uliishia njiani? Na ndani ya saa, sehemu ya mapigo ya juu ya moyo, pameandikwa ngapi?

---

MkanyagaPedali akajibu:

Asante sana mkuu, hapo kwenye ufanisi nimeelewa kitu.

Kwenye 300 nilikaa sekunde 45. Na kwenye saa nimekuta pameandikwa 179. Sikuiweka mimi, nadhani imejiwekea yenyewe kutokana na umri.

---

MaskiNaMapafu akajibu:

Vizuri. Basi tuanze na saa, kwa sababu hiyo 179 inaeleza karibu kila kitu.

Umri wako 41, ukitoa kutoka 220 unabaki na 179. Fomula hiyo ya 220 ni wastani wa watu wengi, na mtu mmoja mmoja anaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo 10 au 12 bila kuwa na tatizo lolote. Wewe mkanda umesoma 188. Saa nyingi zinafanya kazi hivi: zinachora mstari kati ya wati na mapigo yako ukiwa kwenye mwendo wa kawaida, halafu zinaurefusha mstari ule mpaka kwenye mapigo ya juu. Tuurefushe wenyewe. Kutoka wati 150 hadi 200 moyo wako umepanda mapigo 20, maana yake kila pigo moja ni wati 2.5. Kutoka 150 hadi 179 ni mapigo 29, kwa hiyo saa inaamini kwamba utaishia karibu na wati 272. Ingiza 272 kwenye fomula ya ACSM, unapata kama 48, hapohapo inapokuambia saa. Weka 188: mapigo 38 mara 2.5 ni 95, jumlisha 200, wati 295.

Na ngazi zako zinasemaje? Ulimaliza 280, ukakaa sekunde 45 kati ya 60 kwenye ngazi inayofuata. Robo tatu ya wati 20 ni 15. Kwa hiyo wati zako za juu ni 295, si 300. Njia mbili tofauti zimekutana mahali pamoja. Hilo kwangu lina uzito kuliko fomula yoyote, kwa sababu moja imetoka kwenye moyo ukiwa kwenye mwendo mwepesi na nyingine imetoka kwenye miguu ilipogoma.

295 inakupa 51.3 kwa ACSM. Hata hivyo usiishike hiyo kama hati ya kiapo. Fomula ya ACSM ilitengenezwa kwa mwendo uliotulia, wati 50 hadi 200 hivi. Jaribio lako halikutulia hata mara moja. Ukiongeza wati, oksijeni haifuati papo hapo, inachelewa nusu dakika na zaidi, na pengo hilo misuli inaliziba kwa akiba yake isiyohitaji oksijeni. Kadiri unavyopandisha haraka ndivyo wati za mwisho zinavyokuwa kubwa huku dari ya oksijeni ikibaki palepale. Mtu yuleyule akipandisha wati 30 kila dakika atamaliza juu zaidi kuliko akipandisha 25 kila dakika mbili na nusu. Ndiyo maana kila fomula inabidi uitumie na jaribio lililoizaa.

Hebu uone. Storer na wenzake mwaka 1990 walitumia wati 15 kila dakika, na fomula yao kwa wanaume ni: wati mara 10.51, jumlisha kilo mara 6.35, toa umri mara 10.49, jumlisha 519.3. Jibu linakuja kwa mililita kwa dakika. Kwako ni kama 3,647, gawa kwa 72, unapata 50.7. Hawley na Noakes mwaka 1992 walipima waendesha baiskeli waliozoezwa, kwa ngazi za sekunde 150, wakapata: wati za juu mara 0.01141, jumlisha 0.435, jibu kwa lita. Kwako ni lita 3.80, yaani 52.8, lakini hiyo inakupendelea kidogo kwa sababu ngazi zako zilikuwa fupi kuliko zao.

Mimi ningeandika kwenye daftari: 50, ongeza au punguza 4. Najua haivutii machoni, lakini ndicho kipimo chako kinachoweza kukisema kwa ukweli.

---

GiaNdogo akaandika:

Naomba niingilie na mimi, kwa sababu hili limenisumbua. Mimi ni mwanamke, miaka 36, kilo 58, jaribio la ngazi za dakika moja nimeishia wati 220. Nilitumia hiyo ya Storer kama ulivyoiandika, nikapata 48.7. Baadaye nikakuta kuna ya wanawake: wati mara 9.39, kilo mara 7.7 kuongeza, umri mara 5.88 kutoa, jumlisha 136.7. Nikapata 42. ACSM inanipa 48. Hawley na Noakes inanipa karibu 51. Hapo mtu anashika lipi? Na kwa nini miguu yangu ionekane inahitaji oksijeni kidogo kuliko ya mwanamume kwa wati zilezile?

---

MaskiNaMapafu akajibu:

Dada, swali lako ni zito kuliko la mwenye uzi na nashukuru umelileta.

Fomula hizi hazikuandikwa kutoka kwenye sheria ya asili. Zimechorwa kupita katikati ya kundi la watu fulani waliopimwa kwa maski. Storer alipima watu wazima wenye afya ambao si wanamichezo, wanaume kwa wanawake, akapata mistari miwili. Ule wa wanawake unawaeleza wanawake wale. Hawley na Noakes walichukua waendesha baiskeli waliozoezwa, wanaume na wanawake, wakawawekea mstari mmoja. Kwa hiyo 42 na 51 zako hazigombani kuhusu jinsia yako pekee, zinagombana kuhusu swali hili: wewe unafanana zaidi na nani? Na mwanamke anayetoa wati 220 akiwa na kilo 58, yaani karibu 3.8 kwa kilo, hafanani na mtu asiye na mazoezi.

Kwa hiyo 42 siiamini kwako. Lakini 51 nayo siipi uhuru wote, kwa sababu ile niliyomweleza mwenzako kuhusu ngazi fupi inakuhusu hata wewe. Ningekuweka kwenye 46 hadi 49, na ningekuomba sana ufanye jaribio jingine la aina tofauti kabla ya kulipigania hilo.

Hiyo ya wanaume usiitumie tena. Kwamba imetoa namba inayokaribiana na ACSM ni bahati tu, na bahati hiyo haitarudi ukibadilika uzito au umri.

Mwenye uzi, jaribio hilo jingine linakufaa na wewe: dakika 5 kwa nguvu zote, ukiwa umepumzika na umepasha mwili moto vizuri. Usianze kwa pupa. Ukitoka na wati 350 dakika ya kwanza utatambaa dakika ya nne, na wastani utakuwa hauna maana. Chukua wastani wa wati, gawa kwa kilo, zidisha kwa 8.87, jumlisha 16.6. Ni fomula ya miaka ya karibuni iliyotokana na waendesha baiskeli wa barabarani. Naipenda kwa sababu dakika 5 ni muda unaotosha oksijeni kufika juu na kukaa pale, kwa hiyo akiba ya misuli haiwezi kudanganya sana.

---

DawaYaPresha akaandika:

Wakuu samahani, mimi natumia dawa ya presha, kundi la beta-bloka. Saa yangu inanipa VO2max ambayo hata kijana wangu anayekimbia kila siku hana. Ni dawa au ni mimi?

---

MaskiNaMapafu akajibu:

Ni dawa, mzee wangu. Beta-bloka inazuia moyo usipande. Saa inaona wati 120 kwa mapigo machache, inadhani ni moyo wa mwanamichezo mkubwa, halafu inaurefusha mstari mpaka kwenye mapigo ya juu ambayo kwa dawa hiyo hutayafikia. Kosa hilohilo lipo kwenye chati ya Åstrand na Ryhming ya 1954, ile ya kukanyaga dakika 6 na kusoma mapigo. Kwa anayetumia dawa hiyo, kipimo chochote kinachotegemea moyo kukisia dari kitampandisha juu isivyo halali.

Na tafadhali, majaribio ya kwenda mpaka miguu igome tunayoyazungumzia hapa usiyafanye kabla daktari anayekutibu hajakuruhusu, ikibidi chini ya usimamizi. Wala dawa usiiache hata siku moja kwa ajili ya kutafuta namba.

---

MkanyagaPedali akajibu:

Nimerudi na majibu. Dakika 5 nimepata wastani wa wati 270. Nikigawa kwa 72 ni 3.75, mara 8.87, jumlisha 16.6, nimepata 49.9. Saa nimeiwekea 188, naona baada ya mizunguko kadhaa imeanza kusogea juu yenyewe.

Swali la mwisho: nikipunguza uzito mpaka kilo 69 na wati zikabaki vilevile, fomula ya ACSM kwa zile wati 295 inasema nitafika 53. Hiyo ni kweli nimeongezeka uwezo? Na nipime tena baada ya muda gani?

---

MaskiNaMapafu akajibu:

49.9, safi sana. Imekaa katikati ya ile 50 tuliyoiandika.

Kuhusu uzito, ndiyo maana kwenye ripoti za maabara tunaandika namba mbili, lita kwa dakika na mililita kwa kilo. Kwa makisio ya ACSM unatumia kama lita 3.7 leo. Ukiwa na kilo 69 na wati zilezile utakuwa bado kwenye lita 3.7. Moyo haujasukuma damu zaidi, misuli haijanyonya oksijeni zaidi, kigawanyo ndicho kimepungua. Mlimani itakusaidia kweli, kwa sababu kule unabeba mwili wako. Kwenye tambarare dhidi ya upepo hutaiona sana. Kwa hiyo fuatilia lita pia, na kama lita zinashuka pamoja na uzito, angalia unavyokula, huenda unapoteza misuli.

Kuhusu muda, wiki sita hadi nane za mazoezi yaliyopangwa zinatosha kuona kitu. Ila linganisha vitu vinavyolinganika: baiskeli ileile, kipima wati kilekile umekiweka sifuri kabla ya kuanza, feni ileile mbele yako, ngazi zilezile za 20, mizunguko ya pedali isiyotofautiana sana. Feni usiipuuze. Chumba kikiwa na joto moyo unapanda bila wati kupanda, na damu inayopaswa kwenda miguuni inagawana na ngozi. Kama kipima wati chako kinasoma mguu mmoja na kuzidisha mara mbili, ukipima kwa kifaa kingine namba zinaweza kuruka bila wewe kubadilika hata kidogo.

Vipima wati vingi vinaahidi usahihi wa asilimia 1 hadi 2. Kwenye 295 hiyo ni wati 3 hadi 6, ambazo kwa fomula ni nusu mililita mpaka karibu moja nzima, kabla hatujagusa usingizi, chakula wala uchovu wa jana yake. Kwa hiyo ukirudi na 301 usifungue soda, na ukirudi na 290 usitupe baiskeli. Ukirudi na 315 kwa masharti yaleyale, na dakika 5 nazo zimepanda, na kwenye wati 200 moyo unatulia kwenye 144 badala ya 150, njoo uandike hapa.